Haki za mpiga kura kwa Kiswahili cha kueleweka: maswali mnayotuuliza kila siku huku Kusini

Haya ni maswali tunayoulizwa sana, mengine kwenye wasapu, mengine kijiweni, mengine uko nyuma ya bodaboda dereva anageuza shingo anakuuliza huku anaendesha (jamani msifanye hivo). Tumeyajibu kama tunavyoyajibu kwa mdomo. Kama una haraka ruka mpaka swali lako, ila lile la majina na lile la kuhama yasome tu hata kama unaona hayakuhusu.

Tangazo la Tume ya Uchaguzi si liko kwa Kiswahili? Sasa nyie mnarahisisha nini?

Liko kwa Kiswahili ndio, na hapo tuseme ukweli kuna hatua imepigwa, maana sheria zetu nyingi miaka yote zilikuwa kwa Kiingereza mpaka 2021 Bunge likabadilisha sheria na Kiswahili kikawa ndio lugha ya sheria. Zile mbili tunazozitumia sasa, Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya 2024 na Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Na. 2 ya 2024, unazisoma kwa Kiswahili bila kumtafuta wakili.

Sasa shida ni Kiswahili gani. Siku moja nimekaa barazani kwa bibi mmoja huku Nanyamba, yeye anabangua korosho, mimi namsomea tangazo neno kwa neno. Nikafika kwenye "uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura". Akaniacha nimalize, ana adabu zake, alafu akauliza: "Mjukuu wangu, kwani hilo daftari limeharibika nini mpaka liboreshwe?" Nilicheka, ila njiani narudi nikaona kosa sio la bibi. Kuboresha kwake ni nyumba, ni barabara, ni mkorosho wa zamani unaukata unaubebesha mbegu mpya. Daftari ni la shule, lenye mistari. Maneno anayajua yote, sentensi ndio haimwambii kitu, na mwisho wa siku hakuna mahali tangazo lilipomwambia bibi ainuke aende wapi, lini, abebe nini.

Basi kazi yetu ndio hiyo. Tunachukua tangazo, tunalirudisha kwenye lugha ambayo bibi akisikia anajua kesho afanye nini.

Nyie ni watu wa Tume au wa chama?

Wala. Ni watu wachache tu wa hapa Mtwara na wengine Lindi, kuna mwalimu, kuna fundi cherehani, kuna wawili wa bodaboda, na hela ya kopi tunachangishana.

Kuhusu chama nina kisa. Tulienda kutoa kopi za kipeperushi, steshenari wamebakiwa na karatasi za kijani tu, tukasema karatasi ni karatasi bwana, toa. Tumefika stendi kugawa, mzee wa kwanza akaikunja akaturudishia bila kusoma, "mimi sio wa huko". Wa pili akaipokea kwa furaha akauliza na fulana zinagawiwa wapi. Kopi mia mbili zikaishia kufungia karanga. Toka siku ile ni karatasi nyeupe wino mweusi, hata picha ya mtu kanyoosha vidole hatuweki, maana kila ishara ya vidole nchi hii ina mwenyewe.

Mnafanyaje mpaka tangazo lieleweke?

Ngoja nikuoneshe. Hii hapa sentensi tumeitunga wenyewe kwa staili ya matangazo: "Mpiga kura ambaye taarifa zake zimo katika Daftari na ambaye amehama kutoka eneo la uchaguzi alilojiandikishia anapaswa kuwasilisha maombi ya kuhamisha taarifa zake katika kituo kilichopo ndani ya eneo analoishi kwa wakati huo." Ukiisoma mara tatu unaielewa. Ila nani anasoma mara tatu, tena imebandikwa juu ya mbao ya matangazo iliyoko nyuma ya geti lililofungwa, kama ofisi moja ninayoijua mimi?

Sisi tunaandika: "Umehama? Nenda kituo cha kujiandikisha cha hapo ulipo sasa. Beba kadi yako ya zamani. Waambie nimehama. Usipoenda, jina linabaki kule ulikotoka na siku ya kura itabidi urudi huko huko."

Umeona, mambo ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba anayefanya ni wewe, sio "mpiga kura ambaye", na kila sentensi imebeba kitu kimoja. Pia tumeweka kitakachokukuta usipofanya, na hiki ndio kitu matangazo ya serikali yanakisahau sana, sijui kwa nini.

Alafu kuna vitu hatuvigusi. Tarehe haiguswi na namba haiguswi. Na yale majina rasmi tunayaacha, ila tunayaeleza pale pale, kwa sababu ukifika kituoni karani atakuuliza "unahamisha taarifa?", sasa kama sisi tulikufundisha jina lingine la kwetu utabaki unamkodolea macho. Kwa hiyo tunasema: kuhamisha taarifa, yaani kuhamisha jina lako litoke kituo cha zamani lije hiki kipya. Inatosha.

Kitu cha mwisho ni mtihani. Tunamsomea mtu mmoja ambaye hakushiriki kuandika, mara moja tu, alafu tunamwambia haya niambie mimi kama vile mimi ndio sijui. Asipoweza kurudia, karatasi inarudi mezani. Hapo hatumuulizi "umeelewa?", kwa sababu mtu wa huku kwetu ukimuuliza umeelewa atakujibu nimeelewa mwanangu, hawezi kukuaibisha. Muombe akusimulie.

Haya, hilo daftari la kudumu ni kitu gani sasa?

Ni orodha ya majina ya wote waliojiandikisha kupiga kura nchi nzima, iko kwenye kompyuta za Tume, na picha zao na alama za vidole. Kwa uchaguzi wa 2025 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37.6. Kudumu maana yake haifutwi kila uchaguzi ikaanzwa moja, inaendelea ile ile. Kuboresha sasa ndio kuongeza waliofikisha miaka 18, kutoa waliofariki, kurekebisha majina yaliyokosewa, na kuhamisha waliohama. Bibi yule nilipomwambia hivo akasema "kumbe ni kupalilia". Tangu hapo sisi tunasema kupalilia daftari, na mpaka leo hatujapata neno lililolishinda.

Kadi yako ya 2015 au ya 2020 kama ipo na wewe hujahama, Tume ilishasema ni halali, huna haja ya kujiandikisha upya.

Nani ana haki ya kupiga kura?

Katiba, Ibara ya 5: "Kila raia wa Tanzania aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane anayo haki ya kupiga kura". Sentensi fupi, safi, hatujaigusa. Natamani matangazo yote yangeandikwa na aliyeandika hiyo.

Miaka 18 inahesabiwa mpaka siku ya uchaguzi, kwa hiyo hata kama leo una 17 na siku ya kura utakuwa umetimiza, wakati wa kuandikisha nenda. Mtaani wanawarudisha vijana, "we bado mtoto". Haki hii Katiba imeiweka kwenye umri, haijaiweka kwenye unyago, ndoa wala shamba.

Ibara hiyo hiyo imesema Bunge linaweza kumwekea mtu zuio kwa sababu chache: kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, au kushindwa kuthibitisha umri, uraia au kwamba umejiandikisha. Ukisikia sababu nje ya hizo, mfano hujalipa mchango wa shule au mwenyekiti hakupendi, hiyo sio sheria, hiyo ni ya mtu.

Sina kitambulisho cha NIDA, ndio basi?

Sio basi. Kinachotakiwa ni uraia na umri. NIDA inasaidia, cheti cha kuzaliwa kinasaidia, ila kukosa NIDA peke yake hakukufuti kwenye kujiandikisha. Na kadi ya mpiga kura inatolewa bure, akikuomba hela ya soda ujue anaomba yake.

Mama yangu katokea ng'ambo ya Ruvuma, wananiambia mimi Mmsumbiji.

Hili linatoka sana Tandahimba, Newala, Nanyumbu, na linauma. Mto upo katikati, ila ndugu wapo pande zote mbili, harusi zinavuka, misiba inavuka. Kisheria kinachoangaliwa ni uraia. Kama umezaliwa hapa na mzazi wako mmoja, baba au mama, ni Mtanzania, una haki zako. Lafudhi sio ushahidi. Chale usoni sio ushahidi. Mtu akikuwekea pingamizi, yaani akapeleka malalamiko rasmi kwamba wewe hustahili kuwemo kwenye daftari, una haki ya kusikilizwa na kuleta mashahidi wako na karatasi zako, hafuti jina kwa mdomo tu. Na kinyume chake pia, kama kweli wewe ni raia wa kule, usijiandikishe kwa kushawishiwa na mtu anayetafuta kura, kesi itakuwa yako peke yako.

Mahabusu na wafungwa je?

Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kile kipengele cha sheria ya zamani kilichomzuia mfungwa wa zaidi ya miezi 6 kupiga kura kinapingana na Katiba. Kwenye uandikishaji wa 2024 na 2025 Tume ikaweka vituo magerezani, kwa mahabusu na kwa waliofungwa chini ya miezi 6. Mahabusu hajahukumiwa bado, kwa hiyo kama ndugu yako yuko ndani anasubiri kesi usimhesabu kama amepoteza haki.

Kwenye kadi ni jina lingine, kwenye cheti lingine, na kijijini naitwa lingine kabisa. Nifanyeje?

Tulieni hapa kidogo maana huku kwetu hili ndio linaumiza watu kuliko yote. Mtu anazaliwa anapewa jina, akienda jandoni au unyagoni anatoka na jina lingine, akianza shule mwalimu anamwandikia la tatu, akibatizwa au akisilimu la nne. Akifika miaka 40 ni watu wanne kwenye mwili mmoja. Kijijini hakuna shida, kila mtu anamjua. Shida inaanza kompyuta inapoingia.

Nimemwona mama mmoja dirishani, karani anamsomea jina lililoko kwenye orodha mara tatu, mama ananyamaza, anageuka kuangalia nyuma kana kwamba anaitwa mwenzake. Lilikuwa jina lake la shule. Tangu atoke darasa la nne hajawahi kuitwa hivo. Binti yake aliyekuwa kwenye foleni ndio akapiga kelele "mama si wewe huyo!"

Kwa hiyo: siku ya kujiandikisha amua jina moja, na liwe lile lililoko kwenye karatasi zako nyingine. Lisome kwenye kioo cha kompyuta kabla hujapigwa picha, herufi kwa herufi, kama huoni vizuri mwambie karani akutajie. Hawa ndugu zetu makarani wametoka mikoa mbalimbali, "Nang'" kwao inageuka "Nanga" na "Ch" inakuwa "Sh", hawafanyi kusudi. Likikosewa, kipindi cha kuboresha ndio wakati wa kulirekebisha. Alafu kabla ya uchaguzi orodha inabandikwa ili watu wakague, wao wanaita uwekaji wazi wa daftari, sisi tunasema nenda kaangalie jina lako ukutani. Dakika tano tu. Na ukiona jina la marehemu wa mtaani kwenu, sema pia.

Nilijiandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye uchaguzi mkuu jina langu halipo. Wamenifuta?

Hawajakufuta, hukuwahi kuwemo. Ni orodha mbili tofauti. Uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, mwaka 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayoshughulika na tawala za mikoa na serikali za mitaa, watu wakajiandikisha 11 mpaka 20 Oktoba wakapiga kura 27 Novemba. Orodha ile ni ya ule uchaguzi tu. Daftari la kudumu ni la Tume, ndio la Rais, mbunge na diwani. Kinyume chake ni hivo hivo, kuwa na kadi ya mpiga kura peke yake hakukuingizi kwenye orodha ya mtaa.

Kwamba vitu viwili vinavyofanana hivi vilifuatana ndani ya miezi michache kwenye mikoa mingi, alafu vyote vinaitwa "kujiandikisha", jamani hata mimi ningechanganyikiwa.

Mimi nimejiandikisha Mtwara mjini ila Oktoba niko shamba, napigia wapi?

Unapigia ulikojiandikisha. Kituo chako ni kile kile, huwezi kuibuka Kitangari na kadi ya Chikongola ukapiga.

Hili ni la kwetu haswa kwa sababu ya kalenda. Uchaguzi mkuu 2020 ulikuwa 28 Oktoba, 2025 ulikuwa 29 Oktoba. Oktoba huku ni nini? Ni korosho. Watu wako mikoroshoni wanaokota, wengine wanalala huko huko kulinda, minada inaanza, kila mtu anasikilizia bei na anasubiri hela yake kutoka chama cha msingi, kile cha ushirika wa wakulima. Mtu wa Shangani mwenye shamba Newala hayupo Shangani. Sasa ukijijua wewe ni mtu wa shamba kila Oktoba, kipindi cha kuboresha fikiria mapema jina likae wapi, kule unakoishi kweli au kule mjini, ukichagua mjini tenga nauli ya siku hiyo kabisa usije ukaitafuta kwa jirani. Siku zenyewe zilitangazwa mapumziko, Jumatano zote mbili, ila mkorosho haujui mapumziko.

Kadi imepotea. Kadi imeliwa na mchwa. Kadi mtoto kaichora.

Wakati wa kuboresha unapewa nyingine. Kama muda umepita, kwenye chaguzi zilizopita Tume iliruhusu aliyepoteza kadi apige kura kwa kuonesha kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, sharti jina lake liwemo kwenye daftari la kituo hicho na majina yafanane. Ndio maana nikasema lile la majina lisomeni.

Kuna mtu ananunua kadi elfu kumi, nauze?

Hapana. Hii unaijua mwenyewe, ni kangomba, ile biashara ya magendo ya korosho. Unampa mtu kitu kabla ya msimu kwa bei ya kutupa kwa kuwa leo una njaa, alafu msimu ukifika unakaa kibarazani unaangalia wenzako wanalipwa. Tofauti ni kwamba korosho mwakani zitazaa tena, uchaguzi mkuu ni miaka mitano. Na kununua na kuuza kadi yote ni makosa kisheria. Hata kumpa tu "akutunzie", au akuandike namba ya kadi kwenye kidaftari chake, huna sababu.

Kujiandikisha mara mbili nako ni kosa, sheria ya 2024 inasema kifungo miezi 6 mpaka miaka 2, au faini laki moja mpaka laki tatu, au vyote.

Bibi yangu haoni. Na babu hajui kusoma.

Wote wanapiga. Anayeshindwa mwenyewe anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini yeye, amsaidie kuweka alama. Neno ni "anayemwamini yeye", sio anayeletwa na mwenyekiti. Wasimamizi wa kituo na mawakala wa vyama sio wa kumshikia peni. Kwa asiyeona anayejua nukta nundu kuna kifaa maalum cha kuwekea karatasi ya kura ili apige mwenyewe kwa siri yake, muulizieni, wakati mwingine kipo ndani ya boksi na hakuna aliyekitoa.

Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wenye ulemavu hawapangi foleni. Ukimuona bibi kasimama nyuma mpeleke mbele, mwenyewe hatasema, atasimama mpaka adondoke.

Vituo saa ngapi mpaka saa ngapi?

Saa 1 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Saa yetu. Tunasisitiza kwa sababu kuna karatasi inazunguka imeandikwa "7:00 – 4:00" na kuna jamaa wa Mikindani alielewa saa 7 mchana, akaoga taratibu akaja saa 8, bahati yake foleni ilikuwa imepungua. Kwenye karatasi zetu lazima liwepo neno asubuhi au jioni, hata kama linajaza nafasi.

Ikifika saa 10 na wewe upo kwenye foleni, unapiga. Hawakufukuzi. Usitoke kwenye foleni tu.

Nimekosea, nimeweka tiki kwa mtu nisiyemtaka.

Usiitumbukize. Irudishe kwa msimamizi mwambie nimekosea, atakupa nyingine. Watu wanaona aibu wanatumbukiza hivo hivo, au wanafuta futa wakaweka tiki mbili, na kura ya tiki mbili haihesabiki kwa yeyote. Tiki moja, kwenye kiboksi cha mgombea mmoja, kwa kila karatasi.

Watajua nilimpigia nani?

Karatasi haina jina lako. Wino kidoleni unaonesha umepiga, hauoneshi umempigia nani. Anayekutisha kwamba "tutajua" anategemea wewe usijue hili. Na usipige picha karatasi yako ukaituma kwa mtu, hata kama kaahidi kukulipa, siri yako ndio ngao yako.

Halafu siku hiyo vaa nguo za kawaida. Kanga na kofia za vyama ziache nyumbani, hata kama ndio kanga mpya kuliko zote.

Nikishapiga naruhusiwa kukaa hapo kulinda kura?

Rudi nyumbani. Kulikuwa na ubishi wa mita 200 mwaka 2015, wengine wakisema ukikaa mbali kidogo hakuna shida, Mahakama Kuu ikaamua watu wasibaki kwenye maeneo ya vituo. Anayelinda kwa niaba yako kisheria ni wakala wa chama, anakaa ndani, anashuhudia kuhesabu, anapewa nakala ya matokeo. Na matokeo ya kituo yanabandikwa pale pale kituoni, unaweza kwenda kuyasoma mwenyewe. Wengi hawajui hili kabisa.

Nikiona matokeo sio, nalalamika wapi?

Ya ubunge yanapingwa Mahakama Kuu, ya udiwani kwa hakimu mkazi, na muda wa kufungua kesi ni mfupi. Ya urais, Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishatangaza hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko Arusha hapo hapo kwetu, Julai 2020 iliamua kwamba kifungu hicho kinavunja haki. Hapa watu wanataka tuseme nani yuko sahihi. Kazi yetu ni kukueleza ilivyoandikwa, na ilivyoandikwa ndio hivo, vyote viwili.

Naweza kugombea bila chama?

Kwa Katiba ilivyo, lazima udhaminiwe na chama. Mahakama hiyo hiyo ya Arusha ilisema Juni 2013 kwamba haipaswi kuwa hivo. Katiba haijabadilika.

Mbona hamtoi kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao?

Tunatoa kwa sauti, maandishi ni wachache wanaoyasoma hata wenye lugha. Mtu wa Ruangwa anarekodi Kimwera chake, wa Masasi Kiyao au Kimakua, dakika mbili, inasambaa kwenye magrupu ya ukoo. Kila sauti inaanza na tarehe iliyorekodiwa na tangazo gani limesomwa. Usipofanya hivo sauti ya uchaguzi uliopita itarudi uchaguzi ujao na kuwapotosha watu, na ukumbuke kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo ili upotoshe watu ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo hata ukoo wako hautakutetea.

Si muweke tu vyote mtandaoni?

29 Oktoba 2025 intaneti ilikatika nchi nzima. Kila tulichokuwa tumeweka kwenye simu kikawa picha tu. Kilichobaki kinafanya kazi ni karatasi iliyobandikwa dukani na bibi mmoja Nanyamba aliyekuwa amekariri saa 1 mpaka saa 10. Kwa hiyo mtandaoni ndio, ila na dukani, na mashine ya kusaga, na msikitini na kanisani kwenye matangazo, na gulioni.

Nataka kuanza kama nyie huku Liwale, nahitaji kibali?

Kumweleza mama yako na jirani, hapana. Ila mkijiita kikundi au asasi mkaanza kuzunguka kutoa elimu ya mpiga kura, Tume ndio inayoratibu na inataka muombe kibali kwake, na huwa inatangaza muda wa kuomba, msisubiri wiki ya mwisho. Mtendaji wa kata mpeni taarifa mapema, muendeeni asubuhi kabla hajaitwa vikao, na bebeni kopi yake. Karatasi nyeupe.